Tovuti Zinazostahiki Kutembelewa: Mifano Mitatu Kutoka Musoma, Bunda na Butiama



Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na waliowafuata kwa wema. Ama ba'ad.

Wazazi wengi wa Unguja na Pemba hutuuliza swali moja kwa maneno tofauti: watoto wameshashika simu, bando limeshanunuliwa, sasa waende wapi? Mara nyingi jibu letu limekuwa ni kutaja pa kuepuka: picha chafu, kamari, porojo, na mawaidha ya watu wasiojulikana elimu yao wameichukua kwa nani. Hayo ni wajibu kuyasema. Lakini kukataza peke yake ni nusu ya malezi. Mtoto aliyeoneshwa milango kumi ya kufunga, asioneshwe hata mmoja wa kufungua, atafungua wowote atakaoukuta mbele yake.

Leo tunataka kuonesha milango ya kufungua. Tumechagua tovuti tatu zisizo za kawaida, na zote tumezifunga na mkoa mmoja wa nchi yetu, mkoa wa Mara. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Mara iko mbali na bahari yetu, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, na familia nyingi za visiwani huusikia tu pale kijana wao anapopelekwa huko kwa kazi ya serikali, masomo au biashara. Tutaanzia Musoma, makao makuu ya mkoa, tupitie Bunda, tumalizie Butiama.

Kipimo chetu cha tovuti nzuri ni maswali matatu. Je, inakupa elimu yenye manufaa? Je, unaweza kuhakiki inachokwambia? Na je, ukishaifunga simu, kuna mtu mwingine aliyefaidika? Tovuti inayojibu swali la kwanza ni nzuri. Inayojibu yote matatu ni hazina.

MUSOMA: Nyakati za Swala na mwelekeo wa Qibla

Tuchukue mfano wa kijana wa Unguja aliyehamia Musoma. Simu yake bado ina ratiba ya Swala ya Zanzibar, na jioni ya Ramadhani anafungulia redio ya nyumbani ili asikie adhana. Je, anaweza kufuturu kwa adhana hiyo?

Hawezi, na sababu yake ni jua. Mji wa Zanzibar uko karibu na longitudo ya nyuzi 39.2 mashariki, na Musoma iko karibu na nyuzi 33.8. Tofauti ni nyuzi tano na ushei. Dunia huchukua dakika nne kuzunguka uzi mmoja, kwa hiyo jua hufika Musoma kwa wastani wa dakika 22 baada ya kupita Zanzibar. Kwa kuwa miji hii miwili haiko sawa pia kwa kusini na kaskazini, tofauti ya Magharibi hubadilika kwa misimu: hupungua hadi chini kidogo ya robo saa mwezi wa Disemba, na hufikia karibu nusu saa mwezi wa Juni. Saa za ukutani ni zilezile, kwa sababu nchi nzima hufuata saa moja, lakini jua halifuati saa ya ukutani. Anayefuturu Musoma kwa adhana ya Unguja anafuturu jua likiwa bado liko juu ya ziwa, na saumu yake imeharibika. Allaah ametuwekea Swala kwa nyakati maalumu, kama ilivyo katika Suuratun-Nisaa aya ya 103, na nyakati hizo ni za pale mtu alipo.

Tovuti ya kwanza tunayoipendekeza ni praytimes.org. Iko kwa Kiingereza, na haikupi ratiba tu kama zifanyavyo nyingi. Inaeleza hesabu yenyewe: jua liko wapi, kivuli kina urefu gani, na kwa nini ratiba mbili za mji mmoja hazifanani. Hapo ndipo mzazi atakapofahamu mambo mawili yanayowatatiza watu wengi katika programu za simu.

La kwanza ni Alfajiri. Kuna njia mbalimbali za kukadiria, kwa kutazama jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu hutumia nyuzi 18, mamlaka ya Misri 19.5, na jumuiya ya Waislamu wa Amerika ya Kaskazini 15. Katika maeneo yetu ya karibu na ikweta, tofauti ya nyuzi 15 na 18 ni kiasi cha dakika 12. Si jambo dogo kwa anayekula daku.

La pili ni Alasiri. Kwa Mashafi'i na jamhuri ya wanachuoni, wakati huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, bila ya kuhesabu kile kivuli cha wakati wa jua kupinduka. Kwa Mahanafi ni mara mbili yake. Programu iliyotengenezwa nchi za Mahanafi huenda ikaja na mpangilio huo, na mtu wa visiwani akaswali Alasiri akiwa amechelewa kila siku bila kujua sababu. Tazameni mpangilio wa simu zenu.

Sasa Qibla. Kutoka Zanzibar, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Inakosea kaskazini halisi kwa kiasi cha uzi mmoja tu kuelekea mashariki. Ndiyo maana mtoto wa Unguja hukua akijua kwamba Qibla ni kaskazini. Akifika Musoma akaswali vilevile, amekosea, kwani kutoka Musoma Qibla kimeinama kiasi cha nyuzi 14 kulia kwa kaskazini, upande wa mashariki.

Je, tutahakikije kwamba tovuti haikudanganya? Allaah ametupa kipimo kisichohitaji bando. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Al-Ka'ba utosini kabisa: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana. Saa za Makka na saa zetu za Afrika Mashariki ni moja, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha chochote. Simamisheni kijiti wima uwanjani wakati huo. Kivuli kitalala upande ulio kinyume na Qibla. Pigeni mstari kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye kijiti na muuendeleze mbele: huko ndiko Makka. Watoto wa Chake Chake na wajomba zao walioko Musoma wanaweza kufanya jambo hili kwa dakika ileile na kupigiana simu.

Tanabahi: hatusemi watu wakabomoe mihrabu za misikiti yao. Wanachuoni wengi wanaona kwamba aliye mbali na Makka hutakiwa kuelekea upande wake, na kuinama kidogo hakubatilishi Swala. Kwa madhehebu ya Shafi'i hutakiwa kulenga Al-Ka'ba yenyewe kwa kadiri ya uwezo na dhana yenye nguvu. Katika hali zote mbili, mwenye njia nyepesi ya kuhakiki hana sababu ya kuiacha.

BUNDA: Wanyama waliopigwa picha bila mtu kuwepo

Kutoka Musoma ukirudi kusini kwa barabara kuu ya Mwanza unafika Bunda, na mbele yake, kando ya barabara hiyohiyo, kuna Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kwa watu wa vijiji vya huko, tembo si picha ya kitabuni. Ni mgeni wa usiku anayeingia shambani na kumaliza mahindi ya mwaka mzima. Mtoto wa Pemba anamjua popo na komba. Nyumbu, nyamera, kongoni na pofu huwasikia kwa jina tu.

Tovuti ya pili ni Zooniverse (zooniverse.org), na ndani yake mradi uitwao Snapshot Serengeti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya hifadhi. Kamera hizo hufungwa kwenye mti au nguzo, na hujipiga zenyewe kila kinapopita kitu chenye joto. Kati ya mwaka 2010 na 2013 zilikusanya mafungu ya picha milioni 1.2. Hapana mtafiti awezaye kuzitazama zote. Basi mwaka 2012 wakafungua tovuti, wakawaomba watu wa kawaida ulimwenguni kote wawasaidie: tazama picha, sema ni mnyama gani, wako wangapi, wanafanya nini, wana watoto au hawana.

Watu zaidi ya 28,000 walijiandikisha na kuitikia. Na hapa kuna somo linalotuhusu sisi. Jibu la mtu mmoja halikukubaliwa. Kila picha ilioneshwa kwa watu wengi wasiojuana, kila mmoja akatoa ushahidi wake peke yake, kisha ushahidi ukalinganishwa. Walipochukua majibu hayo na kuyapima kwa macho ya wataalamu, watu wa kawaida walipatia jina la mnyama kwa takriban asilimia 97. Mmoja mmoja wangekosea. Kwa wingi wao, tena bila kupatana kabla, wakafikia ukweli. Anayesoma elimu ya Hadithi atalitambua jambo hili kwa mbali: habari ya wengi wasioweza kula njama ina uzito usiokuwemo katika habari ya mmoja asiyejulikana. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni daraja moja. Tunasema akili aliyotupa Allaah ndiyo ileile.

Kwa familia, tunapendekeza hivi. Mkae pamoja usiku wa likizo, simu moja au kompyuta moja, baba au mama awe karibu. Tovuti ni ya Kiingereza, lakini kazi yake ni kutazama, na inaonesha picha za kulinganishia. Andikeni katika daftari majina ya Kiswahili ya kila mnyama mnayemwona: swala tomi, swala granti, mondo, mhanga, fisi. Kisha someni aya ya 38 ya Suuratul-An'aam, ambapo Allaah anatufundisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Picha huwekwa kwa misimu. Mkikuta zimekwisha, tovuti hiyo ina miradi mingine mingi ya nyota, mimea na maandishi ya kale.

Na muwaambie watoto ukweli wote. Mnyama huyo mzuri kwenye skrini ndiye anayemtia hasara mkulima wa Bunda. Kuhifadhi viumbe vya Allaah ni amana, na kumhurumia mkulima aliyepoteza chakula chake ni amana pia.

BUTIAMA: Ramani inayomfikia binti kwa wakati

Sasa tunafika mahali pazito zaidi. Butiama wengi wanaijua kwa sababu moja: ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Lakini wilaya hiyo, pamoja na jirani zake Serengeti na Tarime, ina jambo jingine ambalo familia ya Kiislamu inafaa ilijue.

Katika baadhi ya makabila ya mkoa wa Mara wasichana hukeketwa, hasa wakati wa likizo ya Disemba, ili wahesabiwe kuwa tayari kuozwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya jambo hili kuwa kosa la jinai kwa aliye chini ya miaka 18, lenye kifungo cha kuanzia miaka mitano hadi 15. Pamoja na hayo, wapo mabinti wanaokimbia nyumbani usiku ili wasikatwe.

Bibi Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Mara ambaye yeye mwenyewe alipitishwa katika ukeketaji akiwa msichana mdogo, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba za kuwahifadhi mabinti hao katika wilaya za Serengeti na Butiama. Shida iliyowakabili ilikuwa nyepesi kuielezea na nzito kuitatua: taarifa inakuja kwamba binti wa kitongoji fulani atakatwa alfajiri, gari liko tayari, polisi wako tayari, lakini njia hawaijui. Ramani za kawaida zilionesha uwanda mtupu mahali penye vijiji vizima. Saa zinapita watu wakiulizana njia gizani.

Hapo ndipo inapoingia tovuti ya tatu, OpenStreetMap (openstreetmap.org), ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Tangu mwaka 2015 mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map Tanzania umekuwa ukiijaza ramani hiyo kwa vijiji vya Tanzania, na Mara ikapewa kipaumbele. Kazi huenda kwa hatua tatu. Kwanza, mtu aliyekaa popote duniani hufungua picha ya satelaiti na kuchora kila paa la nyumba na kila njia anayoiona. Pili, mwenzake mwenye uzoefu huhakiki. Tatu, mtu wa kijijini mwenye simu huongeza yale ambayo satelaiti haiwezi kuyajua: jina la kitongoji, skuli, zahanati, kisima, msikiti. Ramani ikishakamilika hupakuliwa kwenye simu na kutumika hata pasipo na mtandao.

Maelfu ya watu, wa dini na nchi mbalimbali, wamechora mapaa ya Mara bila kulipwa na bila kumjua mwenye nyumba. Nani anaweza kusema kwamba mistari hiyo midogo haina uzito, ikiwa kwa sababu yake gari lilifika kabla ya wembe?

Huenda msomaji akauliza: je, Muislamu ashirikiane na wasiokuwa Waislamu katika jambo hili? Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alihudhuria Hilful-Fudhuul katika nyumba ya 'Abdullaah bin Jud'aan kabla ya Utume, mapatano ya kumnusuru aliyedhulumiwa, na baadaye akasema kwamba lau angeitwa katika jambo kama lile ndani ya Uislamu angeitikia. Na aya ya 2 ya Suuratul-Maaidah imetuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu.

Huenda mwengine akauliza: je, tohara ya wanawake haimo katika vitabu vya fiqhi? Khitilafu ya wanachuoni katika mlango huo inajulikana, na si hapa pa kuifafanua. Tunalosema ni kwamba ukeketaji wa Mara ni mila ya koo, huamuliwa na wazee wa mila, hufanywa kwa kukata na kudhuru, na huwafikisha wengine kwenye kutokwa na damu hadi kufa. Kumdhuru mtu hakuna mwenye kukuhalalisha. Wanachuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, mwezi wa Novemba 2006, waliutaka ukeketaji huu ukomeshwe, na mwaka uliofuata Mufti wa Misri wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, akatamka wazi kwamba ni haramu.

Visiwani kwetu kazi hii ya ramani si ngeni. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na washirika wengine, ilipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Kijana anayetaka kujifunza anaweza kuanza na mtaa wake: achore msikiti wa kwao, madrasa, kisima na njia ya kwenda hospitali. Akishazoea, afungue tasks.hotosm.org, atafute kazi za Tanzania, na achore paa la mtu asiyemjua.

Sharti moja lizingatiwe sana. Ramani ni macho, na macho yana adabu. Usiandike jina la mwenye nyumba. Usioneshe mahali walipohifadhiwa waliokimbia dhulma. Kumsitiri Muislamu, na kumsitiri kila aliyedhulumiwa, ni katika dini yetu.

Kabla ya kumpelekea mwenzako kiungo

Tumetaja tovuti tatu, na baada ya kusoma makala hii wengi watataka kuzipeleka kwenye vikundi vya familia. Hilo ni jema. Aliyeonesha kheri hupata ujira mfano wa aliyeitenda, kama ilivyothibiti katika Hadithi iliyopokelewa na Muslim. Lakini kupitisha kiungo ni kutoa ushahidi. Katika Suuratul-Hujuraat aya ya 6 tumeamrishwa tuhakikishe habari inapotujia kutoka kwa mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametutahadharisha kwamba yatosha kuwa ni uongo mtu kusimulia kila alisikialo.

Basi tufanye mambo haya:

1. Fungua mwenyewe kwanza. Usipitishe ambacho hujakisoma mpaka mwisho.

2. Tazama ni nani mwenye tovuti na anataka nini kwako. Inayokuomba namba ya siri, namba ya kitambulisho au pesa kabla ya kukupa chochote, ifunge.

3. Ikiwa imetaja aya, irejee. Tovuti ya tanzil.net, iliyoanza mwaka 2007, imewekwa kwa ajili ya kuwa na matini ya Qur-aan iliyohakikiwa herufi kwa herufi, na ndani yake imo tarjama ya Kiswahili ya mtu wa kwetu, Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Kuitafuta aya kwa namba ya Sura hakuchukui hata dakika.

4. Ikiwa imetaja Hadithi bila ya kitabu wala mpokezi, isubirishe mpaka umuulize mwenye elimu.

5. Andika neno moja kwa nini unaipeleka. "Nimeifungua, inafundisha kupima Qibla" ni bora kuliko kiungo kitupu kilichorushwa saa nane za usiku.

Enyi wazazi, Allaah ametuambia katika Suuratul-Israa aya ya 36 kwamba masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Macho ya watoto wetu yako kwenye skrini saa nyingi kila siku, na sisi tutaulizwa pamoja nao. Anzeni na tovuti moja tu wiki hii. Kijiti na kivuli, au mnyama wa Serengeti, au paa la nyumba ya Butiama. Kisha mwulizeni mtoto swali moja kabla ya kulala: leo mtandaoni umejua nini, na umemnufaisha nani?

Tunamuomba Allaah atupe elimu yenye manufaa, awahifadhi mabinti wa Mara na wa kila mahali, na ajaalie yaliyo mikononi mwetu yawe hoja ya kutetea, yasiwe hoja dhidi yetu.

Wallaahu a'lam.